Baridi ya Kaskazini na Ziwa Letu

Maji ya bomba tunayoteka hapa Ngokolo hutoka Ziwa Viktoria. Huvutwa na mitambo ya Ihelele, wilaya ya Misungwi, yakaja kwa mabomba hata Kahama na Shinyanga. Kabla ya bomba hilo mji wetu ulilitegemea bwawa la Ning'hwa, na wazee wakumbuka vema jinsi watu walivyolitazama likipungua wakati wa kiangazi. Bali ziwa, mtu alitazamapo kutoka juu ya mawe ya Mwanza, hudhani halikupata kupungua tangu dunia kuwapo. Sivyo. Ziwa hilo lilipata kukauka, na sababu yake yatupasa kuitafuta mbali, katika nchi za baridi za kaskazini.

Mojawapo ya nchi hizo ni Siberia, upande wa mashariki wa Urusi, nayo yaishinda Tanzania kwa ukubwa zaidi ya mara kumi. Sehemu nyingi za huko, ukichimba chini kidogo, utakuta ardhi imeganda kama jiwe, wala haiyeyuki mwaka hata mwaka. Humo hupatikana mizoga ya mamothi, mnyama wa jamaa ya ndovu, mwenye manyoya marefu na pembe zilizopindika. Mwaka 2007, katika rasi ya Yamal, mfugaji mmoja alimwona mtoto wa kike wa mamothi, aliyekufa akiwa na umri wa mwezi mmoja hivi. Ngozi yake ilikuwa nzima, na tumboni mwake mlikuwa na maziwa ya mamaye. Naye alikufa miaka kama 42,000 iliyopita! Nani angalidhani kwamba ndugu wa ndovu wetu, asiye na manyoya ya kutosha kufunika hata masikio yake, alizaa na kulea katika baridi ya namna ile?

Tusifikiri kwamba Siberia yote ilifunikwa na barafu siku hizo. Ilikuwa kavu mno, theluji yake haba, na majani ya malisho tele. Barafu iliyo kuu ilikuwa Kanada na kaskazini ya Ulaya, na mahali pengine unene wake ulifika kilometa 3. Baridi ilifika upeo wake miaka kama 20,000 iliyopita. Maji mengi yalifungwa katika barafu hiyo, hata bahari ikashuka mita 120 hivi. Unguja haikuwa kisiwa, bali sehemu ya bara. Pemba ilibaki kisiwa, kwa maana bahari iliyo kati yake na bara ni ya kina kirefu sana.

Huku kwetu nako kulipoa, kwa digrii nne au tano hivi. Barafu ya Kilimanjaro, ya Mlima Kenya na ya Ruwenzori ilishuka mabondeni chini sana kuliko leo, na marundo ya mawe iliyoyasukuma yangali yakionekana. Mwaka 1848 mmisioni Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro, kiongozi wake alimwambia kwamba kitu kile ni baridi, basi. Jibu hilo lilikuwa karibu na kweli kuliko maneno ya baadhi ya wenye elimu wa London, ambao hawakukubali kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1912 barafu ya mlima huo ilienea kilometa za mraba 12 hivi; mwaka 2011 haikufika 2.

Lakini baridi ile ya kale ilileta ukame pia. Bahari ikipoa, mvuke wake hupungua, na mvua vilevile. Kisha, miaka 17,000 iliyopita au zaidi kidogo, barafu ya kaskazini ilimeguka kwa vipande vikubwa, vikaelea na kuyeyuka katika bahari ya Atlantiki, hata mikondo ya bahari ikadhoofika. Wataalamu wengi hudhani kwamba hiyo ndiyo iliyozidi kutunyima mvua. Walipotoboa matope ya chini ya Ziwa Viktoria, waliona chini yake udongo mgumu uliopata kukaushwa na jua, wenye mizizi ya majani. Hapo wavuvi wapitapo leo, palikuwa mbuga. Wala Mto Nile haukupata maji ya ziwa, kwa kuwa hapakuwa na ziwa la kumwaga maji Jinja.

Miaka kama 15,000 iliyopita mvua zikarudi, bonde likajaa. Na hapa pana jambo la ajabu. Aina za furu zilizo katika ziwa, zilizokadiriwa kuwa 500 hivi kabla sangara hajaletwa katika miaka ya 1950 na kuwala wengi, hazikuweza kuishi humo palipokuwa pakavu. Wazazi wao walitoka mitoni na katika maji mengine ya jirani, nao wakagawanyika kwa muda huo mfupi: huyu wa kula konokono, huyu wa kukwangua mawe, huyu wa kula samaki wenziwe.

Mwalimu atakayefundisha habari hii na aanze na kina cha ziwa. Eneo lake ni kilometa za mraba 68,000 na zaidi, lakini mahali pa kina kuliko pote ni mita 80 na kidogo tu. Ni kama sinia, si kama mtungi. Tena sehemu kubwa ya maji yake, yapata nne katika tano, ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, wala si maji ya mito; na sehemu kubwa hivyo hivyo hurudi juu kwa jua. Kwa hiyo mvua ikibadilika, ziwa hubadilika upesi. Mwaka 2006 lilishuka sana, kwa ukame na kwa maji mengi yaliyofunguliwa Jinja. Mwezi wa Mei mwaka 2020 lilipanda hata likaingia katika nyumba za watu wa kandokando.