Marekebisho ya Mwongozo wa Matibabu Yafike Rungwa

Rungwa iko kando ya barabara ndefu itokayo Itigi kuelekea Makongolosi na Mbeya, katika nchi ya miombo, nyuki na mbung'o, jirani na pori la akiba lenye jina hilo hilo. Tabibu anayefanya kazi mahali kama hapo mara nyingi hana mwenzake wa kumwuliza usiku wa manane. Ana mizani, kabati la dawa na kitabu. Akiletewa mtoto aliyepoteza fahamu kwa malaria kali, kitabu hicho ndicho kinachoshika nafasi ya jopo la mabingwa, na ikiwa kimesema jambo lililokwisha kubatilishwa, hapo hakuna wa kukikosoa.

Kitabu chenyewe ni Mwongozo wa Taifa wa Matibabu, unaotolewa pamoja na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu. Toleo la 2017 lilifuatwa na la 2021. Kurekebishwa mara kwa mara ni sifa njema kwa kitabu cha aina hii. Shirika la Afya Duniani, lililotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, huipitia upya kila baada ya miaka miwili. Lakini kazi ya kurekebisha huishia mapema mno. Wataalamu hukutana, hubishana juu ya ushahidi, hubadilisha maneno, kisha hukabidhi rasimu kwa wapanga chapa na kuondoka. Namna maneno yale yatakavyokaa kwenye ukurasa, na hatima ya nakala zilizotangulia, huhesabiwa kuwa mambo ya kiwanda cha uchapaji na ya bohari. Hesabu hiyo ina kasoro kubwa, na anayelipia kasoro hiyo ni mgonjwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa sindano ya artesuneti. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha kipimo cha watoto wenye uzito chini ya kilo 20, kutoka miligramu 2.4 kwa kila kilo hadi miligramu 3, kwa kuwa ilionekana kwamba watoto wadogo hupata kiasi kidogo cha dawa katika damu kuliko watu wazima waliopewa kipimo hicho hicho. Mtoto wa kilo 10 aliyekuwa akipewa miligramu 24 kwa kila sindano akastahili 30. Anayetibiwa kwa ukurasa wa zamani hukosa sehemu moja ya tano ya dawa yake, tena katika saa ambazo dawa hiyo ndiyo inayoamua. Kitabu chochote kilichochapishwa kabla ya hapo, kama kinaitaja sindano hiyo, hakiwezi kuwa na kipimo kipya. Nacho hakichakai: jalada lake gumu hudumu miaka ishirini.

Badiliko la namna hii halina kishindo. Klorokwini ilipoachwa mwaka 2001 na SP kushika nafasi yake, na SP nayo ilipoipisha dawa mseto ya ALu mwishoni mwa 2006, nchi nzima ilisikia, maana jina lilibadilika, kidonge kikabadilika, hata idadi ya siku za kumeza ikabadilika. Lakini 2.4 inapokuwa 3, dawa ni ile ile na kichupa ni kile kile. Msomaji aliyeuzoea ukurasa haoni kitu. Jicho lililozoea hupita juu ya tarakimu kama mguu uliozoea njia ya kisimani, na ndiyo maana tarakimu iliyobadilika yapasa kumsimamisha msomaji kwa nguvu.

Wapanga chapa wanazo njia za kumsimamisha. Ya kale zaidi ni mstari wima pembezoni mwa ukurasa, mkabala na kila sentensi iliyoguswa. Haugharimu wino wa kutajika. Pamoja na huo, kurasa mbili za mwanzo zingeweza kuorodhesha kilichobadilika, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya dibaji na shukrani ambazo tabibu wa zamu hana haja nazo. Na mwaka wa toleo ungechapwa chini ya kila ukurasa, kwa sababu vitabu hivi hunyofoka, hutolewa nakala za karatasi moja moja, na karatasi hizo hubandikwa ukutani zikakaa huko bila jina wala tarehe.

Kuna hatari nyingine zinazozaliwa ndani ya kompyuta yenyewe. Ipo aina ya herufi iliyotumika sana kuandikia alama za Kigiriki ambayo ndani yake herufi mu, kifupisho cha maikro, hukaa mahali pa herufi m ya kawaida. Faili likifunguliwa katika mashine isiyo na aina hiyo ya herufi, au likibadilishwa kutoka programu moja kwenda nyingine, mu hugeuka m, na maikrogramu zote zikawa miligramu: kosa la mara elfu moja ambalo hakuna mkono uliolitenda. Misoprostoli ya kuzuia damu nyingi baada ya kujifungua hupimwa kwa maikrogramu. Kwa dawa hiyo muuguzi angeshtuka, kwani vidonge vingehitajika maelfu. Si kila dawa itamshtua hivyo. Dawa ya kosa hili ni kuandika neno zima, maikrogramu, hata kama jedwali litapanuka. Vivyo hivyo nusu iandikwe 0.5, isiandikwe nukta na tano peke yake, na moja iandikwe 1 bila nukta na sifuri nyuma yake, kwa kuwa nukta ikififia moja husomeka kumi.

Wanaojua kurekebisha kitabu cha rejea kwa nidhamu ya kupigiwa mfano wako mbali na hospitali. Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford alichukizwa mwaka 1977 na upangaji mbaya wa kitabu chake cha hisabati za kompyuta, akaanza kutunga programu ya kupangia chapa iitwayo TeX, na baadaye akaiandikia kitabu cha mwongozo. Kila aliyekuwa wa kwanza kugundua kosa katika kitabu hicho aliahidiwa hundi ya dola 2.56. Makosa yaliorodheshwa hadharani kwa ukurasa na mstari. Namba ya toleo la programu hiyo huongezewa tarakimu moja kila inaposahihishwa, ikikaribia pai: 3.14, 3.141, na kuendelea. Mwenye programu ya kupangia herufi alijali kiasi hicho. Mwongozo wa kupimia dawa za watoto unastahili walau orodha ya makosa na anwani ya kuyapeleka, ili muuguzi wa Rungwa aliyeona jedwali lililokatika katikati ya kurasa mbili, safu ya uzito ikabaki bila kichwa, aandike na ajibiwe.

Wapo watakaosema kuwa siku hizi kitabu kiko kwenye simu. Ni kweli, na ni faida kubwa. Lakini faili jipya haliliondoi la zamani. Yote mawili hukaa katika simu moja, majina yao yakifanana, na lifunguliwalo huwa lile lililo juu. Kwa nakala za karatasi utaratibu uwe wa kubadilishana: anayepokea kipya arudishe cha zamani.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Mama mwenye mtoto mgonjwa begani hawezi, kwa heshima, kumwambia tabibu kwamba kitabu chake kimepitwa. Anaweza kuuliza, "Samahani daktari, mtoto ameshapimwa uzito?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima, na kipimo sahihi huanzia kwenye mizani.

Kwa Rungwa kuna ukurasa mwingine usioweza kusubiri. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa malale ya aina inayopatikana Tanzania. Vidonge vya feksinidazoli, vinavyomezwa pamoja na chakula kwa siku kumi, vikapendekezwa kwa wenye umri wa miaka sita na zaidi na uzito wa kilo 20 au zaidi, mahali ambapo kwa miongo mingi ugonjwa ukishafika ubongoni ilitegemewa melasoproli, dawa yenye aseniki iliyoweza kumuua mgonjwa mmoja kati ya ishirini. Toleo la 2021 lilitangulia habari hiyo kwa miaka mitatu. Mlinaasali atokaye porini na homa isiyokoma, asinziaye mchana na kukesha usiku, hawezi kungoja toleo lijalo. Karatasi moja ya kubandikwa ndani ya jalada, yenye tarehe, namba ya ukurasa unaobatilishwa na maneno mapya kwa Kiswahili, ingeweza kupakiwa katika gari lile lile linalopeleka chanjo.