Nani Alivumbua, Nani Alifika?

Wapenzi wa lugha, kipo kitenzi kimoja kinachonikera tangu nilipokuwa darasani: kuvumbua. Tulifundishwa kwamba David Livingstone alivumbua Ziwa Nyasa mwaka 1859, nasi tukaandika hivyo madaftarini bila kuuliza.

Kuvumbua ni kukipata kilichofichika. Je, ziwa lile lilifichika kwa nani? Wakisi walikuwa wakivua samaki na kufinyanga vyungu ufukoni mwake, na Wakinga wakikaa milimani juu yake. Hata jina alilolipeleka Ulaya alilipata kwa wenyeji: nyasa, neno lenye maana ya ziwa. Ndiyo maana tusemapo "Ziwa Nyasa" twasema ziwa mara mbili.

Sisemi kwamba uvumbuzi haupo. Mwaka 1908 Ernest Shackleton alipita kando ya ukuta wa barafu wa Bahari ya Ross, kule Antaktika, akakuta ghuba yenye nyangumi wengi, akaiita Ghuba ya Nyangumi. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza, "Hapa panaitwaje?" Roald Amundsen alipiga kambi huko, na tarehe 14 Desemba 1911 akafika Ncha ya Kusini. Mwaka 1987 pande kubwa la barafu lilimeguka, ghuba ikatoweka. Limebaki jina lisilo na mahali.

Kwetu mambo ni kinyume: mahali palikuwa na jina, akaja mgeni na jina jingine. Msafiri atokaye Makambako, akapita Njombe na kuteremka kwa njia ya Ludewa hadi ziwani, hufika Manda. Wajerumani walipaita Wiedhafen. Liuli, iliyo kusini zaidi, wakaiita Sphinxhafen, kwa kuwa jabali lake liliwakumbusha sanamu ya Misri. Leo majina hayo yamebaki katika ramani kuukuu. Manda ni Manda, na Liuli ni Liuli.

Lakini safu inayoinuka juu ya ziwa hilo ingali ikiitwa Milima ya Livingstone, hata na sisi tunaojiita watunza lugha. Malenga na ajaribu kuliingiza jina hilo katika tarbia: Mi-li-ma-ya-Li-vi-ngi-si-to-ni. Mizani kumi, na kipande kina nane! Bahari yenyewe inalikataa.

Atasema mtu kwamba Livingstone aliipinga biashara ya watumwa, basi anastahili kukumbukwa. Na akumbukwe. Sijaomba afutwe, nimeomba kitenzi kibadilishwe. Tuandike kwamba alifika Ziwa Nyasa. Kufika si aibu; ni sifa ya msafiri. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni anayesemwa kuwa amemvumbua mwenyeji wake hamponyi, humfanya kana kwamba hakuwapo.

Kwa hiyo nawaomba washairi wa Njombe na Makambako jambo moja. Kabla ya kutunga beti juu ya milima ile, tuwaendee wazee wa Ukinga, Upangwa na Ukisi, tuwaulize kila kilele kinaitwaje. Shackleton hakuwa na wa kumuuliza. Sisi tunao, na wanazeeka. Wakiondoka kabla hatujawauliza, yatatupata kinyume cha yaliyoipata ghuba ile ya barafu: mahali patabaki, jina litatoweka.