«Piga» haina maana hamsini

Kuna wenzetu hapa Bukavu wanaosema Kiswahili ni maskini, eti kitenzi kimoja, kupiga, kinafanyishwa kazi zote. Mimi siafiki.

Orodha ni ndefu kweli: tunapiga simu, picha, pasi, mswaki, kura, magoti, chafya, hodi. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 imezirundika semi za aina hii chini ya piga, kana kwamba kitenzi ndicho kilichobeba maana zote. Maana imo katika nomino. Piga huipa nomino hiyo nafsi, njeo na kauli, basi. Ondoa pasi katika «nimepiga pasi» uone kama shati litanyooka! Kwa hiyo kupiga pasi kungetafutwa kwenye pasi.

Na umaskini? Kifaransa kina coup de fil, coup de balai, coup d'œil, wala sijasikia mtu akikionea huruma. Kilingala, ambacho muziki hutuletea hadi kitandani, kina kobeta, yaani kupiga. Lakini kobeta lisolo ni kupiga gumzo, na kobeta ndembo ni kucheza mpira.

Neno linaloniharibia hesabu ni «nipigie». Simu haitajwi, na kila mtu anaelewa. Hapa kitenzi kimeimeza nomino yake, nami nakubali kwamba tumepata maana mpya, ila inataka kauli ya kutendea. Mama wa soko la Kadutu akisema «alinipigia usiku», simu yake iliita. Akisema «alinipiga usiku», hayo ni mashtaka. Tofauti ni irabu moja. Halafu aseme «alinipigia mtoto»: irabu ni ileile, simu haipo, na aliyeumia ni mtoto.

Wengi wetu tutapata kibarua cha ukalimani katika mahakama na mashirika ya mji huu. Mama huyo atasema mara moja, kwa haraka, pengine akilia, na karani ataandika Kifaransa tutakachompa: appeler au frapper. Ngeli tunazijua hata usingizini. Ningeomba saa mbili za kozi ya tafsiri zitengewe kitenzi hiki, kabla hatujatumwa kwenye mafunzo ya kazi.