Mbona hajatundikiwa dripu?

Ndugu wa mgonjwa wakiingia wodini saa kumi jioni, na hotpoti za uji na chupa za chai mikononi, wengi hawaulizi mgonjwa wao anaumwa nini. Wanatazama juu ya kitanda. Wakiona chupa inaning'inia, wanashusha pumzi. Wasipoiona, najua kinachokuja: "Sista, mbona mgonjwa wetu hajatundikiwa dripu?" Nikieleza kwamba anakula, anakunywa na vidonge vinamtosha, naonekana mbanifu. Mama mmoja aliniambia mbele ya wodi nzima kwamba dripu tumewafichia wenye pesa.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watu wazima mkoani Tanga, na msimamo wangu ni huu: dripu ni dawa. Ina kipimo na ina madhara. Asiyeihitaji asiwekewe, na anayeihitaji asiachwe nayo peke yake.

Tutazame kilichomo. Chupa ya nusu lita ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, kama vijiko sita vya chai. Soda ya kawaida ya dukani ina zaidi ya hiyo. Kalori za chupa hiyo hazifiki mia moja. Salaini ni maji yenye gramu 9 za chumvi kwa lita. Ringa ni chumvi, potasiamu kidogo, kalsiamu kidogo na lakteti. Humo hamna damu, hamna vitamini, wala hamna dawa ya malaria au taifodi mpaka mtu aitie. Sasa mtu mzima anayetembea, anayekula wali na maharage, anakwenda kulipia chupa hiyo "aongeze nguvu". Siku hizi mijini ziko hata dripu za urembo, za kung'arisha ngozi. Hizo sitazisemea sana. Mwenye pesa ya kuchezea mshipa wake atanisikiliza siku atakapovimba mkono.

Mazoea haya, kwa maoni yangu, tuliyapata kwa kwinini. Miaka ile malaria kali ilimaanisha kulazwa na kutundikiwa kwinini ndani ya glukosi, chupa moja kwa saa nne, kila baada ya saa nane. Masikio yanavuma, mdomo mchungu, lakini mtu anaamka. Familia nyingi zilimwona ndugu yao akifufuka chini ya chupa, na chupa ndiyo ikapata sifa. Ilipokuja artesuneti, dawa bora zaidi, inayodungwa kwa dakika chache tu, kisha saa 12 baadaye, kisha saa 24, malalamiko yalitufikia: mgonjwa amechomwa sindano tu, hajatibiwa.

Chupa yenyewe ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kasi. Kwenye mpira wa dripu kuna kigurudumu kidogo cha plastiki, na hapo ndipo kazi yangu ilipo. Tuseme daktari ameandika nusu lita kwa saa nne. Mpira wa kawaida hutoa matone 20 kwa mililita moja, kwa hiyo nahitaji matone 42 kwa dakika. Nasimama na saa yangu ya kifuani, nahesabu, nalegeza, nakaza, nahesabu tena. Mpira wa watoto hutoa matone 60 kwa mililita. Ukihesabu 42 kwenye huo, umetoa theluthi moja tu ya maji. Mgonjwa akikunja mkono, kasi inabadilika. Akiinuka kwenda chooni, inabadilika. Ndiyo maana narudi.

Na ndiyo maana kigurudumu hicho kinaninyima raha kila wageni wanapoingia. Kuna bibi mmoja, mgonjwa wa moyo, aliyekuwa ametapika sana. Tukamwekea maji kidogo, ya kwenda polepole. Mjukuu wake alikuwa na basi la mwisho la kuwahi kijijini, akataka aondoke akiwa ameona chupa imekwisha. Akalegeza. Nilipofika, bibi alikuwa ameketi, anahema kwa mabega, hawezi kumaliza sentensi. Tulifunga maji, tukamwekea oksijeni na sindano ya kukojoza, na alipona. Kijana hakuwa na ubaya wowote. Aliniambia, "Sista, niliona yanachelewa." Moyo dhaifu na figo dhaifu haviwezi kuyapokea maji kwa kasi hiyo, yanayozidi huingia kwenye mapafu.

Hata sisi wataalamu tumewahi kuamini kwamba kasi ni wema. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu, Hospitali ya Teule, Muheza, ikiwemo. Watoto zaidi ya 3,100 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waligawanywa: wengine walimiminiwa maji kwa haraka, wengine hawakumiminiwa. Ndani ya saa 48, waliofariki kati ya waliomiminiwa walikuwa zaidi ya 10 katika kila 100. Kwa wasiomiminiwa walikuwa 7 na kidogo. Watu wengi walitarajia kinyume chake. Watoto wa kuhara hawakuwemo katika utafiti huo, na hilo lisisahaulike, kwa sababu kwa mtu aliyekaushwa na kipindupindu maji ya haraka ndiyo uhai wenyewe: mililita 100 kwa kila kilo ya mwili, na kwa mtu mzima yote huingia ndani ya saa tatu. Hapo nikichelewa, nitamkosa. Lakini hata wakati wa kipindupindu, anayeweza kunywa hupewa ORS kwa kikombe.

Daktari Thomas Latta wa Leith, Scotland, alitibu kipindupindu kwa maji ya mshipani mwaka 1832, ugonjwa huo ukiua watu huko. Alimtilia mama mmoja mzee maji ya chumvi kwenye mshipa, na mama aliyekuwa karibu kukata roho akarudiwa na rangi na sauti. Latta akaenda kupumzika, akamwacha chini ya uangalizi wa mwenzake. Kuhara kukarudi, maji hayakurudishwa, na mama akafa baada ya saa chache. Mgonjwa wake wa kwanza huyo, na tayari somo lote la uuguzi wa dripu limo.

Lawama si za ndugu peke yao. Wapo wenzetu wanaotundika chupa ili mgonjwa aone amehudumiwa, na wapo wanaotundika ili bili ipande. Tunaacha kanula, kile kijimpira cha mshipani, mkononi "kwa usalama" siku tatu baada ya dripu kuisha, mlango wazi wa vijidudu kuingia kwenye damu. Na nesi mmoja aliyeachiwa wodi nzima usiku hawezi kuhesabu matone ya kila kitanda, hata awe hodari vipi.

Ninachotaka hakihitaji bajeti. Kila chupa ibandikwe kipande cha plasta kilichoandikwa aina ya maji, saa iliyoanza, saa itakayoisha na matone kwa dakika, na ndugu asomewe. Akishajua ni 42, anaweza kuhesabu mwenyewe kwa simu yake wakati mimi niko kitanda cha mwisho. Akiona matone yamesimama, mkono unavimba, mgonjwa anatetemeka au anahema, asiguse kigurudumu. Aje kuniita, hata akinikuta nimesinzia mezani. Nitanuna kidogo, lakini nitaamka.