Bahasha Nayo Husema

Tangu mwaka 2016, WhatsApp hufunga maneno ya ujumbe yasisomwe ila na mwandikaji na mwandikiwa. Hata hivyo, bahasha hubaki wazi: nani kamwandikia nani, saa ngapi, mara ngapi. Msichana wa Ganda amwandikiapo mkunga wa Malindi kila usiku, siri yake hukisiwa kabla ya neno moja kusomwa. Mwaka 2024, sheria ya Ulaya ilianza kuilazimu WhatsApp ipokezane ujumbe na programu nyingine. Ni jambo jema, lakini huko Ulaya, ujumbe uvukapo kwenda programu nyingine, bahasha yake hupita mikononi mwa kampuni mbili. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 hulinda faragha ya mawasiliano. Wanakiswahili nao wazipe taarifa hizi za bahasha jina lieleweke Ganda. Haki isiyo na jina haidaiwi.