Maji ya Barabara Langoni Mwetu

Juma hili tunaweka kando mambo ya jikoni na bustani, ili tuijibu barua ya mama mmoja ambaye mumewe ni askari anayetumikia mbali na nyumbani. Jina lake hatulitaji, wala la mji wake. Aliyoyaandika yangeweza kuandikwa na jamaa nyingi katika miji yetu ya Uganda.

Mama huyo na mumewe walijenga nyumba kwa akiba ya miaka mingi, katika kiwanja kilicho upande wa chini wa barabara ya manispaa. Hapo mwanzo barabara na uwanja wao vililingana. Kisha greda likapita, likamwagwa changarawe na kuinua barabara, na udongo uliosukumwa kando ukaujaza mtaro. Tangu mvua za Machi zilipoanza, maji huteremka kwa njia yao ya gari, hupita ubavuni mwa sebule na kuingia jikoni. Usiku mmoja aliamka akayakuta yamefika vifundoni. Akampandisha mtoto mchanga kitandani kwa dada yake, kisha akaliinua gunia la unga juu ya meza akiwa peke yake.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, akaambiwa aende divisheni. Divisheni wakamwambia arudi kwa mwenyekiti. Jirani wa chini naye amemwonya asithubutu kuyaelekeza maji kwake. Na sasa mumewe amempigia simu kwamba akipewa likizo atakuja pamoja na wenzake wawili, wakiwa na sare zao, wamwone mhandisi. Mama anauliza: "Nifanye nini kabla hajafika?"

Tuanze na hilo la sare. Ndugu askari, sare uliyovaa ni mali ya taifa, nawe umepewa uilinde nchi kwayo, si uitishie afisi. Mhandisi aliyetishwa huenda akaleta greda leo, na kesho asikanyage tena mtaani kwenu. Vilevile barua ya malalamiko yaweza kumfikia mkuu wako wa kikosi, na kosa la mtaro likageuka kuwa kosa la nidhamu. Haki unayoidai ni haki ya mwenye nyumba. Idai kama mwenye nyumba.

Pili, ijulikane barabara ni ya nani. Barabara kuu za taifa ziko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Mamlaka iliyozishughulikia hapo kabla ilivunjwa, na kazi yake ikarudishwa wizarani mwaka 2024. Barabara za wilaya ni za serikali ya wilaya, za mji ni za manispaa au halmashauri ya mji, na njia ndogo za vijijini ni za gombolola. Barabara ya mama huyu, basi, ni ya manispaa. Mwenyekiti wa LC1 hana greda wala fungu la fedha za barabara. Lakini anao mhuri, anao ujuzi wa mtaa wake, na anaweza kushuhudia kwa maandishi kwamba maji yanaingia nyumbani. Kwa hiyo waliomzungusha mama huyu walikuwa na nusu ya ukweli kila mmoja: ushahidi ni wa mtaa, kazi ni ya manispaa.

Tatu, yachunguzwe maji yenyewe. Mvua inyeshapo mchana, chukua mwavuli usimame langoni, utazame yanatoka wapi. Mara nyingi maji yanayoingia uani huwa ya namna tatu: ya barabara, ya jirani wa juu, na ya paa lako mwenyewe. Hayo ya mwisho watu huyasahau. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Paa lenye mita 12 kwa 10 lina mita za mraba 120. Mvua ya milimita 40 ikilipiga hutiririsha lita 4,800, yaani mapipa 24 ya lita 200. Ikiwa mapipa hayo yote yanamwagika kwenye njia ya gari, hata manispaa ikichimba mtaro mzuri namna gani, jikoni patalowa.

Sasa, mama yetu, utuwie radhi kwa neno hili. Katika barua yako umetaja, kama jambo dogo, kwamba mumeo alilaza bomba la inchi 6 ndani ya mtaro mbele ya lango, akalifunika kwa mawe na udongo ili gari lipite. Inchi 6 ni kama sentimita 15. Ukilinganisha na kalavati la sentimita 60, mdomo wa kalavati hilo ni mkubwa mara 16. Jani la mgomba moja na mfuko mmoja wa plastiki vyatosha kuliziba bomba lako. Greda lilifanya kosa lake, nalo ni kweli. Lakini bomba hili lingeuzuia hata mtaro uliozibuliwa jana. Tena kivuko cha mtu binafsi juu ya mtaro wa serikali huhitaji ruhusa ya wenye barabara, nao ndio wanaopaswa kusema ukubwa wa kalavati. Ni heri uliseme hili wewe mwenyewe kuliko mhandisi alione kwanza.

Nne, iandikwe barua. Maneno ya mdomo hayana faili. Barua ielekezwe kwa karani wa manispaa, na nakala zipelekwe kwa mhandisi, kwa mwenyekiti wa divisheni, kwa diwani wenu, na kwa afisa wa afya. Huyu wa mwisho asiachwe, kwa sababu maji yanayotuama huzalisha mbu, na Sheria ya Afya ya Umma, ambayo asili yake ni ya mwaka 1935, huyahesabu kuwa ni kero ya kuondolewa. Barua isizidi ukurasa mmoja, nayo iseme mambo manne: nyumba iko wapi, maji yalianza kuingia lini, na tarehe za kila mara yalipoingia, mnaomba nini, na ninyi wenyewe mtafanya nini. Mfano wa maneno ya kuomba ni huu:

"Tunaomba maafisa wako waje kukagua pamoja nasi, na mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mtaro ulio kati ya nyumba yetu na mkondo ulio chini. Tunaomba uzibuliwe na kuchimbwa upya. Sisi tuko tayari kuliondoa bomba letu dogo na kununua kalavati la ukubwa mtakaotuelekeza."

Ambatanisha picha zilizopigwa mvua ikinyesha, na barua ya mwenyekiti wa LC1 yenye mhuri. Nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe, nawe uiweke pamoja na hati za kiwanja.

Tano, jirani wa chini asifanywe adui. Hofu yake ni ya haki. Maji ukiyaondoa kwako bila kuyapa njia, umemhamishia yeye jikoni. Mwalike siku ya ukaguzi, aone kwa macho yake kwamba yanatafutiwa mkondo. Maji ya mtaa yana mwisho wake: yale ya katikati ya Kampala hukusanywa na mfereji wa Nakivubo, hupita katika kinamasi, yakaishia Ziwa Victoria. Na mtaro wenu lazima uwe na mwisho unaojulikana, la sivyo ni shimo refu tu.

Sita, ifahamike kalenda ya serikali. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kuzibua mtaro ni kazi ndogo ya matunzo, yaweza kufanywa wakati wowote palipo na vibarua. Kujenga mtaro wa mawe na saruji ni kazi ya bajeti, na ombi lake sharti lifike miezi mingi kabla ya Julai, kwa mkono wa diwani. Siku 30 zikipita bila jibu, andika barua ya kukumbusha, ukitaja tarehe ya ile ya kwanza. Kimya kikiendelea, mwendee diwani, kisha afisi ya mwakilishi wa Rais wilayani. Palipo na uzembe wa wazi au rushwa, iko afisi ya Inspekta Mkuu wa Serikali. Lakini msirukie ngazi ya juu kabla ya kukanyaga za chini; mtarudishwa mwanzo.

Wakati wa kungoja, jikinge. Panga magunia ya mchanga ubavuni mwa nyumba. Inua tuta dogo ndani ya lango lako, kamwe si barabarani. Funga mabati ya kukinga maji ya paa, yaingie katika tangi. Uwanja uteremke kutoka ukutani walau sentimita 1 kwa kila mita. Mpira mwangavu uliojazwa maji utakuonyesha usawa bila kifaa kingine. Waya za umeme zisilale sakafuni, na watoto wasicheze katika maji yanayokwenda kasi.

Majibu haya tulimpelekea mama kwa barua kabla ya kuyachapa, kwa kuwa likizo ya mumewe ilikaribia. Sasa ametuandikia tena. Anasema barua yao ilitiwa sahihi na wote wawili, mume na mke. Ukaguzi ulifanyika siku ya 19 baada ya kupokelewa. Mume alikuja peke yake, amevaa shati na viatu vya mpira, akamshikia fundi wa manispaa ncha ya kamba ya kupimia. Ilionekana kwamba mtaro umezibwa mahali pawili: kwa udongo wa greda juu ya lango, na kwa bomba langoni penyewe. Manispaa ikauchimba upya. Wao wakang'oa bomba, wakanunua kalavati la sentimita 60 kwa fedha walizokuwa wameziweka kwa ajili ya rangi ya nyumba. Jirani alikuwapo, alionyesha mahali ambapo mkondo wa zamani ulipita kabla viwanja havijapimwa, jambo ambalo hata mhandisi hakulijua.

Kazi haijesha. Sehemu ya mwisho ya mtaro ingali ya udongo, na itabomoka mvua zikizidi. Diwani ameahidi kuiombea fedha za mwaka ujao, na mama ameiandika ahadi hiyo pamoja na tarehe yake. Nyumba nayo haina rangi. Lakini mvua kubwa imenyesha mara mbili, na asubuhi zote mbili alilikuta gunia la unga sakafuni pale alipoliacha, likiwa kavu.

Wasomaji wengine walio na shida ya namna hii watuandikie, wakitaja kwanza barabara ni ya nani na langoni pao pamelazwa nini. Hadi juma lijalo, kwaherini.