Yogati ya barafu: mama aliyeanza kuuliza kilichomo kikombeni

Jumamosi za mama mmoja mkazi wa Tabata, Dar es Salaam, zina ratiba yake. Akimaliza kufua, anawavalisha watoto wake wawili na wote wanapanda daladala kwenda kutafuta yogati ya barafu. Wameshaonja ya Mlimani City, ya Mikocheni, ya Sinza, hata ya Kariakoo ambako muuzaji huitoa kwenye friji ndogo ikiwa imefungwa ndani ya vikombe vya plastiki. Mumewe humtania kwamba kama angezungukia viwanja kwa bidii hiyo, familia ingekuwa imeshajenga.

Mapenzi hayo yana sababu. Tangu akiwa msichana, glasi moja ya maziwa humjaza gesi na kumkimbiza chooni, lakini mtindi haumsumbui. Ni hali inayowapata watu wazima wengi. Mwili hupungukiwa kimeng'enya cha kuvunja laktosi, ambayo ni sukari ya asili ya maziwa. Kwenye yogati, bakteria wanakuwa wameshakula sehemu ya laktosi hiyo, na wakifika tumboni wakiwa hai wanasaidia kuivunja iliyobaki. Siku alipoonja ile yogati inayotoka kwenye mashine kama aiskrimu, akaona amepata aiskrimu isiyomwamsha usiku.

Kwa kuwa ni yogati, akaamini watoto nao wako salama. Nyumbani kwake pipi ni marufuku na soda ni ya sikukuu. Yogati ya barafu haikuwa na marufuku. Mwanawe wa miaka sita alikuwa akila mara tatu au nne kwa wiki, nyingine zikinunuliwa duka la jirani na kuwekwa kwenye friza.

Mapema mwaka huu mtoto alianza kutafunia upande mmoja. Baadaye akawa analia usiku. Kwenye kliniki ya meno, daktari alimwonyesha mama mashimo katika magego mawili ya chini.

"Mama, huyu anakula pipi sana?"

"Hali kabisa, daktari. Mimi namnunulia yogati tu."

"Yogati ya namna gani?"

Hakuwa na jibu. Gego moja lilizibwa, la pili lilikuwa limeoza hadi ndani, likang'olewa. Mama alijifariji kwamba ni meno ya utotoni, lakini daktari hakumwacha na faraja hiyo. Magego ya utotoni hukaa mdomoni hadi mtoto anapofika miaka 10 hadi 12, na ndiyo yanayolinda nafasi ya meno ya ukubwani. Likitoka mapema, jirani zake husogea, na jino jipya likija linakosa pa kuotea.

Mama huyu hakuacha kwenda madukani. Alirudi akiwa na swali la daktari.

Duka la kwanza aliambiwa kwa heshima zote kwamba hiyo ni siri ya biashara. La pili, dada wa kaunta alimweleza bila kuficha kuwa wanachanganya unga maalumu na maji, kisha wanamimina kwenye mashine. Hakujua kama unga huo uliwahi kuchachushwa. Mikocheni ndiko alikopata alichokitaka, kwani kijana mmoja aliingia stoo na kutoka na ndoo ya mchanganyiko ili mama asome lebo mwenyewe.

Lebo ilisema gramu 13 za sukari katika kila gramu 100. Kikombe anachojaziwa mwanawe kina gramu 200, kwa hiyo ni gramu 26. Si zote zinazoongezwa, kwa sababu yogati tupu nayo ina gramu nne hadi tano za sukari ya maziwa kwa kila gramu 100. Ukizitoa, zinabaki kama gramu 17, zaidi kidogo ya vijiko vinne vya chai. Huduma ya afya ya Uingereza, NHS, inashauri mtoto wa miaka minne hadi sita asizidishe gramu 19 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Na hapo bado hajamwagiwa sosi ya chokoleti wala biskuti zilizopondwa.

Mzazi anaweza kudhani wauzaji wana roho mbaya. Hapana. Sukari ina kazi mbili kwenye mashine ile. Ubaridi hupunguza uwezo wa ulimi kuhisi utamu, hivyo kitu cha baridi huhitaji sukari zaidi ili kionekane kitamu, hasa kikiwa na uchachu. Pili, sukari huzuia maji yasigande yote. Bila hiyo, yogati ingekuwa ngumu kama jiwe. Sifa ya kuwa chakula cha afya ilikuja na biashara yenyewe kutoka Marekani, ambako kampuni kama TCBY, iliyofungua duka lake la kwanza Little Rock, Arkansas, mwaka 1981, ziliuza yogati hiyo kama mbadala wa aiskrimu wenye mafuta kidogo. Kuhusu mafuta ni kweli. Sukari ni habari nyingine.

Jambo la pili alilojifunza lilitokea Kariakoo. Alifungua kikombe akakuta yogati imenywea kando na juu ina chembe kubwa za barafu. Muuzaji alikiri kwamba umeme ulikatika jana yake na vikombe vikaganda upya uliporudi. Watu wengi hudhani barafu huua vijidudu. Huwa inawalaza tu, wazuri kwa wabaya. Ndiyo maana bakteria wa mtindi wanaweza kubaki hai kwenye yogati ya barafu, na ndiyo maana wale wa kuharisha, kama waliingia, huamka na kuzaana chakula kikiyeyuka. Kukigandisha tena hakufuti kilichotokea. Alirudisha kikombe kile na hakudai hela, ingawa angekuwa na haki.

Mdogo wa yule mtoto ana mwaka mmoja na nusu, na alikuwa akilambishwa kijiko kila kaka yake anapokula. Hilo limekoma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa mwaka 2023 kuhusu ulishaji wa watoto wa miezi 6 hadi 23 unasema vyakula vyenye sukari nyingi wasipewe. Mtindi usio na sukari, uliotokana na maziwa yaliyochemshwa, hauna tatizo hilo.

Siku hizi anatengeneza pia nyumbani. Ananunua maziwa mgando yasiyo na sukari, anayaweka kwenye kitambaa safi juu ya bakuli ndani ya friji usiku kucha ili maji yachuje, kisha anasaga na ndizi zilizoiva sana na embe. Mchanganyiko huo unaingia friza na kukorogwa kila nusu saa, mara tatu au nne, ili barafu isijishike. Hata hivyo hugeuka jiwe, kwa hiyo huutoa dakika 15 kabla ya kula. Mara ya kwanza mtoto alisema hauna ladha. Mara ya tatu aliomba aongezewe. Mtoto huula palepale baada ya chakula cha mchana, si kwa kulamba jioni nzima, kwa sababu kila sukari inapoingia mdomoni bakteria wa meno hutengeneza asidi upya. Usiku anapiga mswaki kwa dawa yenye floraidi na baada ya hapo ni maji tu.

Jumamosi iliyopita walikuwa Sinza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo ule usio na kitu upo?"

"Upo. Na embe limeingia asubuhi hii."

Mtoto akaomba biskuti juu. Mama akaruhusu kijiko kimoja, kwenye kikombe kidogo. Kijana wa kaunta akamuuliza mbona ana pengo, naye akafungua mdomo wote kumwonyesha.